Onyesho la Majaribio, Tiketi ya Bei Kamili

Februari 1966, jijini New York, mtayarishaji David Merrick alifuta onyesho zima la mchezo wake jioni ileile lilipotakiwa kuanza. Alisema panya ameingia kwenye jenereta. Mchezo ulikuwa Philadelphia, Here I Come! wa Brian Friel, na ulibakiza siku moja tu kuzinduliwa. Sababu halisi haikumfichika mtu: Stanley Kauffmann, mhakiki mpya wa New York Times, alikuwa aingie ukumbini usiku huo.

Kauffmann hakwenda kuvizia. Aliomba waziwazi. Hadi wakati huo wahakiki wa magazeti ya kila siku walikwenda usiku wa uzinduzi, wakainuka mara pazia lilipoanguka, wakakimbilia chumba cha habari na kuandika hukumu kwa saa moja hivi ili gazeti la asubuhi lisiwaache. Yeye aliona hiyo ni dhuluma kwa mtunzi aliyesota na kazi yake kwa miaka, na ni dhuluma kwa msomaji pia. Alitaka aone onyesho la mwisho la majaribio, yaani yale ambayo watu huingia kwa tiketi kabla ya uzinduzi rasmi, alale, afikiri, ndipo aandike. Merrick aliona mtu anayeingia nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Kauffmann hakudumu kwenye kiti hicho hata mwaka, lakini alichokitaka kikaja kuwa desturi. Leo Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, wahakiki huja katika maonyesho machache ya mwisho ya majaribio, kila mmoja siku yake, na wote huzuia maandishi yao hadi saa iliyokubaliwa ya usiku wa uzinduzi. Ugomvi ule ukaisha. Uliobaki ni mzito zaidi. Gazeti lifanye nini katika wiki zote zinazotangulia, wakati watu wanaingia, wanalipa, wanacheka au wanasinzia, na huku mchezo wenyewe unahesabiwa kuwa bado haujaanza?

Nina msimamo kuhusu hilo na sioni haja ya kuuficha. Habari isisubiri. Hukumu isubiri, na muda wa kusubiri uamuliwe na bei ya tiketi pamoja na ahadi aliyopewa mnunuzi. Mhakiki anayelazimika kuandika kabla ya uzinduzi anabeba deni la kurudi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi jukwaani, maonyesho ya majaribio yanaweza kuonekana kama mazoezi yaliyoongezewa watu. Sivyo. Mazoezini mwigizaji hucheza mbele ya mwongozaji aliyekwisha kuusikia mzaha uleule mara mia, fundi wa taa anayewaza taa zake, na msimamizi wa jukwaa aliyeinamia daftari. Hakuna kati yao anayeweza kushangaa tena. Hadhira ya kwanza ndiyo inayoleta mshangao. Inacheka mahali ambapo hakuna aliyetarajia, na sentensi inayofuata inamezwa na kicheko, haisikiki. Inakohoa dakika ya arobaini, na ukumbi mzima ukikohoa kwa pamoja haina maana nyingine ila watu wamechoka. Waongozaji wengi usiku huo hawaangalii jukwaa kabisa. Wanaangalia visogo vya watu, nani ameegemea nyuma, nani amegeuka kumnong'oneza jirani.

Kesho yake mchana kikosi kinarudi kazini. Ukurasa unakatwa, wimbo unahamishwa, mlango wa mandhari uliokuwa ukichelewa sekunde nne unarekebishwa, na jioni waigizaji wanapanda jukwaani na maneno waliyopewa mchana huohuo. Onyesho la Jumanne na la Alhamisi linaweza kuwa michezo miwili yenye jina moja. Hali huendelea hivyo mpaka siku ambayo, kwa lugha ya watu wa jukwaa, mchezo unagandishwa: kuanzia hapo hakuna kuongeza neno wala kupunguza, ili waigizaji wapate siku chache za kuuzoea kabla wahakiki hawajaingia. Broadway kipindi hiki huchukua wiki tatu au nne, wakati mwingine zaidi. London kwa kawaida ni kifupi kuliko hapo.

Mfano ninaourudia kila ninapojadili jambo hili ni wa 1962. A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, mchezo wa muziki wa vichekesho wenye nyimbo za Stephen Sondheim na kuongozwa na mkongwe George Abbott, ulikuwa ukijaribiwa Washington, na ulikuwa unazama. Wahakiki wa mji ule hawakuupenda na viti vilibaki vitupu. Vichekesho vilikuwa vizuri, kila aliyeusoma mchezo alikubali, ila watu hawakucheka. Akaitwa Jerome Robbins, mwongozaji na mbunifu wa ngoma, aje aangalie. Aliona kosa liko kwenye wimbo wa kwanza. Ulikuwa wimbo laini, wa mapenzi, uliomwambia mtazamaji kwamba amekuja kuona jambo la upole na uzuri, naye akatulia kitini akisubiri upole huo, asijue kwamba ameruhusiwa kuvunjika mbavu. Sondheim akaandika wimbo mwingine wa kufungulia, Comedy Tonight, unaotamka tangu mwanzo kwamba usiku huu ni wa kucheka. Mchezo ukazinduliwa New York tarehe 8 Mei 1962 na kuonyeshwa mara 964.

Mazoezi yasingeligundua kosa lile hata yangechukua mwaka. Liligunduliwa kwa sababu watu wasiojua chochote walikaa kimya gizani. Ndiyo maana nikimsikia mhariri akisema kwamba watazamaji wamekwisha kuingia, hivyo ni haki yetu kuhukumu, nashindwa kumkubalia moja kwa moja. Hukumu hudai kitu kilichotulia. Anayehukumu usiku wa tatu wa majaribio anapima kitu ambacho msomaji wake hatakikuta akienda wiki ijayo, na tahakiki inayoeleza kitu kisichokuwapo haimsaidii yeyote.

Lakini siwezi kuisimulia Washington ya 1962 nikanyamazia upande wake wa pili. Wahakiki wa mji ule waliandika. Waliandika kabla ya New York, wakasema mchezo haufanyi kazi, na walikuwa sahihi.

Katika zama zile mchezo uliokuwa njiani kwenda Broadway ulipita kwanza New Haven, Boston, Philadelphia au Washington. Huko haukuitwa jaribio mbele ya mwenye tiketi. Kwa mkazi wa Boston aliyelipa, ule ndio ulikuwa mchezo, na gazeti lake lilimtuma mhakiki kama kawaida. Aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa Elliot Norton, aliyehakiki michezo Boston kwa karibu nusu karne. Mwaka 1965 The Odd Couple ya Neil Simon ilipita pale ikiwa na sehemu mbili za kwanza zilizowaka na ya tatu iliyopooza. Simon alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Norton, na Norton akamwambia wazi kwamba sehemu ya tatu imelala. Akaongeza kwamba yeye binafsi aliwakosa wale dada wawili, akina Pigeon, waliotokea katika sehemu ya pili kisha wakasahauliwa. Simon alikwenda kuwaandika upya ndani ya sehemu ya tatu. Mchezo ukazinduliwa New York tarehe 10 Machi mwaka huohuo, na mpaka leo ni miongoni mwa vichekesho vinavyochezwa sana Marekani. Simon mwenyewe hakuchoka kumshukuru Norton.

Hapo hoja ya kwamba mhakiki anyamaze mpaka siku rasmi inapata ufa, na ni vyema tuutazame ufa huo kwa makini. Nini kilimruhusu Norton kufanya alichofanya bila kuua mchezo? Naona ulikuwa umbali. Aliandika kwa ajili ya watu wa Boston, kuhusu onyesho ambalo watu wa Boston walilipia, na neno lake halikuwa hukumu ya mwisho kwa sababu mchezo ulikuwa na safari mbele yake. Watunzi walikuwa na wiki za kufanya kazi. Gazeti la New York, lenye uwezo wa kuufunga mchezo kwa aya tatu, lilisubiri lifikiwe.

Uvumi haukusubiri, bila shaka. Machi 1943 mchezo wa muziki wa watunzi Rodgers na Hammerstein ulipojaribiwa New Haven ukiitwa Away We Go!, inasimuliwa kwamba ujumbe ulitumwa New York siku hiyohiyo: miguu ya wasichana hakuna, mzaha hakuna, tumaini hakuna. Wiki kadhaa baadaye, tarehe 31 Machi, mchezo ulifika New York ukiwa na wimbo mpya wa kikundi na jina jipya, Oklahoma!, na kuchezwa mara 2,212. Wajuzi waliokimbilia kuuzika walikuwa wameona kitu cha kweli, ila walikiona kikiwa njiani.

Safari hizo zilipungua kwa sababu ya fedha. Kusafirisha mandhari, maleba, vyombo vya muziki na watu, kisha kuwalaza hotelini wiki baada ya wiki, kukawa mzigo ambao watayarishaji wengi waliutua. Wakaamua kujaribia michezo mjini New York kwenyewe. Miji haikuachwa yote, Chicago bado hupokea michezo mikubwa, na Chris Jones wa Chicago Tribune amekuwa akiihakiki kwa miaka mingi kama Norton alivyofanya. Lakini kwa michezo mingi umbali ulikufa. Chumba cha kurekebishia makosa kilihamia mtaa uleule wenye ofisi za magazeti, na kila aliyetoka ukumbini akikunja uso alikutana na mwandishi kwenye kona.

Merrily We Roll Along ya Sondheim, mwaka 1981, ndiyo iliyolipa gharama ya kwanza kubwa ya mabadiliko hayo. Haikupita mji wowote. Ilijaribiwa hapohapo Broadway kwa wiki kadhaa, watazamaji wakitoka katikati ya onyesho, mwigizaji mkuu akabadilishwa, mbunifu wa ngoma akabadilishwa, maleba yakatupwa na badala yake waigizaji wakavaa fulana zilizoandikwa wao ni nani. Kila badiliko likawa habari ya mjini. Wahakiki walipoingia mwezi Novemba walikuta mchezo uliokwisha kutangazwa kuwa maiti. Ulifungwa baada ya maonyesho 16. Kwamba mchezo huohuo, baada ya miongo ya kurekebishwa, ulirudi Broadway na kushinda tuzo ya Tony ya mchezo wa muziki uliofufuliwa mwaka 2024, hakumrudishii mtu yeyote ile Novemba.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikibadilika taratibu, na hiki watayarishaji hawapendi kukizungumza. Zamani aliyenunua tiketi ya majaribio alipata punguzo la kueleweka. Alilipa kidogo kwa kuwa alikubali kuona kitu ambacho hakijakamilika, na hata akifurahi kuwa mmoja wa waliokisaidia kikamilike. Punguzo hilo liliyeyuka. Siku hizi mara nyingi tiketi ya usiku wa kwanza wa majaribio na ya mwezi mmoja baada ya uzinduzi zinatofautiana kidogo au hazitofautiani kabisa, na katika kutafuta tiketi mnunuzi asiye mzoefu hatambui kwamba tarehe aliyoichagua ni ya majaribio. Hapa ndipo huruma yangu kwa watayarishaji inapopungua. Makubaliano ya wahakiki kunyamaza hayakuandikwa katika sheria yoyote. Yalikuwa ya hiari na yalikuwa na pande mbili: sisi tunazuia kalamu, ninyi hamtozi watu bei ya kitu kilichokamilika. Upande mmoja ukijitoa, hauwezi kulalamika mwingine ukilegea.

Hayo yote yalikutana katika jengo moja mwishoni mwa 2010. Spider-Man: Turn Off the Dark ulikuwa mchezo wa muziki ulioongozwa na Julie Taymor, wenye nyimbo za Bono na The Edge wa kundi la U2, na gharama yake ilifika dola milioni 75 hivi, kubwa kuliko ya mchezo wowote uliowahi kupanda Broadway. Onyesho la kwanza la majaribio lilikuwa tarehe 28 Novemba 2010. Mitambo ya kurusha waigizaji hewani ilikwama, onyesho likasimamishwa tena na tena, na kuna wakati mwigizaji alibaki akining'inia juu ya watazamaji huku mafundi wakihangaika kumshusha. Usiku huohuo Natalie Mendoza aligongwa kichwani nyuma ya jukwaa na kupata mtikisiko wa ubongo. Tarehe 20 Desemba Christopher Tierney alianguka zaidi ya futi 20, kamba yake ya usalama haikuwa imefungwa, akavunjika mbavu na pingili za uti wa mgongo.

Magazeti yaliyaandika hayo mara tu yalipotokea, na yalifanya vema. Wapo waliosema ule ulikuwa uchimbaji wa umbea, kwamba mchezo ulistahili kuachwa ujikosee kwa faragha kama michezo mingine. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu akianguka kazini, hiyo ni habari, awe anajenga ghorofa au anaruka juu ya jukwaa. Hakuna mhakiki duniani aliyewahi kuahidi kunyamazia mifupa iliyovunjika. Mamlaka za usalama kazini zilifanya uchunguzi na kutoza faini, na kama waandishi wangengoja siku ya uzinduzi ndipo waulize kamba ilifungwaje, nani angejua? Habari ya ajali, ya kubadilishwa kwa mwongozaji, ya fedha, ya tarehe kusogezwa, hizo hazina uhusiano na swali la kama wimbo wa pili ni mzuri. Anayeyachanganya mambo haya mawili, akiwa mtayarishaji au mwandishi, anajitafutia kisingizio.

Ila swali la wimbo wa pili lilikuwa linakuja. Uzinduzi ulikuwa uwe tarehe 21 Desemba. Ukasogezwa hadi 11 Januari, kisha 7 Februari, kisha 15 Machi. Huku hayo yakiendelea, mchezo uliingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa wiki kutoka kwa watu wanaolipa. Wahakiki walivumilia mara ya kwanza, wakavumilia ya pili. Tarehe 7 Februari, siku waliyokuwa wameahidiwa, wakaacha kuvumilia. New York Times, Washington Post, Los Angeles Times, Chicago Tribune na wengine walichapa tahakiki zao karibu kwa wakati mmoja. Nyingi zilikuwa kali. Ben Brantley wa New York Times aliandika kwamba huenda ukawa miongoni mwa michezo mibaya kabisa kuwahi kuonekana Broadway. Watayarishaji walikasirika na kusema desturi imevunjwa.

Desturi ilikuwa imevunjwa mapema zaidi, na si wahakiki walioivunja. Ahadi ni deni. Aliyenunua tiketi ya mwezi Februari alinunua akiwa ameambiwa kwamba kufikia siku hiyo mchezo utakuwa tayari na wahakiki watakuwa wamesema neno lao. Kusogeza tarehe huku ukiendelea kukusanya fedha zake ni kumnyima taarifa aliyoitegemea. Ingekuwa tarehe imesogezwa mara moja ningewaambia wahakiki wasubiri, kazi ya mikono ya watu huchelewa. Safari ya tatu, kuendelea kusubiri kungekuwa kumsaidia muuzaji dhidi ya mnunuzi. Tena walionunua bado walikuwa na nafasi ya kuamua, viti vya miezi iliyofuata vilikuwa sokoni.

Mwezi Machi Taymor aliondoka, tarehe ikasogezwa tena hadi Juni, mchezo ukafungwa wiki tatu hivi ukaandikwa upya chini ya Philip William McKinley. Sitadai kwamba tahakiki za Februari peke yake zilifanya hayo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa miezi miwili wenye mchezo walikuwa wakiwaambia watu kwamba mgonjwa wao anaendelea vizuri.

Nikigeukia London, miaka minne na nusu baadaye, nafika upande mwingine kabisa. Agosti 2015 Benedict Cumberbatch alicheza Hamlet katika ukumbi wa Barbican, chini ya mwongozaji Lyndsey Turner. Onyesho la kwanza la majaribio lilikuwa tarehe 5 Agosti, usiku wa wahakiki ukapangwa tarehe 25. The Times haikungoja. Ilichapa tahakiki ya usiku ule wa kwanza, na Daily Mail nayo ikatoa maoni yake. Mojawapo ya mambo yaliyosemwa sana ni kwamba hotuba mashuhuri ya kuwa au kutokuwa ilikuwa imepelekwa mwanzo kabisa wa mchezo. Kabla ya tarehe 25 ilikuwa imekwisha kuondolewa pale.

Hoja ya utetezi ilikuwa ileile ya bei: watu wamelipa fedha kamili. Na mimi niliyeikubali hoja hiyo New York naikataa hapa, kwa sababu moja. Tiketi za Hamlet ile zilikuwa zimeisha tangu mwaka uliotangulia. Msomaji wa The Times hakuwa na uamuzi wa kufanya asubuhi ile. Hakuna mnunuzi aliyekuwa akilindwa, tarehe haikuwa imesogezwa hata kwa siku moja, na mchezo wa zaidi ya miaka 400 haukuwa unafichwa. Kilichobaki ni mbio za kuwa wa kwanza. Atakayesema tahakiki ile ndiyo iliyomshawishi mwongozaji airudishe hotuba, kwa hiyo ilisaidia, namuomba amkumbuke Norton tena. Yeye alizungumza na mtunzi ana kwa ana, kama mtu anayetaka mchezo upone, na akataja kile hasa alichokikosa.

Najua jibu litakalotoka. Siku hizi mtazamaji hafiki nyumbani kabla ya kuandika maoni yake. Anaandika wakati wa mapumziko, simu mkononi, na maelfu wanasoma. Kwa nini gazeti pekee liwe bubu?

Kwa sababu kazi zao ni mbili tofauti. Mtazamaji anaposema nimechoka, nimelia, sikuelewa sehemu ya mwisho, anatoa ushahidi wa usiku wake, na ana haki nao wote. Ni kikohozi kilekile cha dakika ya arobaini kilichopata sauti ndefu zaidi, na mwongozaji mwenye busara atakisikiliza. Mhakiki hasemi alichohisi tu. Anasema kazi hii ni nini, imesimama wapi kati ya nyingine, waliokusudia walifika au hawakufika. Neno lake hubandikwa ukutani mbele ya ukumbi, husomwa na wenye fedha wanaoamua mchezo uendelee au ufungwe, hutafutwa miaka 50 baadaye na mwanafunzi anayetaka kujua ule mchezo ulikuwaje. Uzito huo ndio unaomdai uvumilivu.

Tena nina neno kuhusu jambo ambalo naliona baya kuliko tahakiki ya mapema. Ni habari inayokusanya maoni ya watazamaji wasiojulikana kutoka mitandaoni, mawili ya kusifu na kumi ya kuponda, ikapewa kichwa kwamba mchezo umepokewa vibaya. Hiyo ni hukumu isiyo na hakimu. Mhakiki wa The Times, hata nisipokubaliana na tarehe yake, aliweka jina lake, aliketi ukumbini mwanzo hadi mwisho, na anaweza kuulizwa. Mwandishi wa ile habari hakuketi popote.

Inawezekana kutenda vizuri, hata kwa mchezo ambao dunia nzima inautazama. Harry Potter and the Cursed Child ilipoanza majaribio London tarehe 7 Juni 2016, bundi hai aliyekuwa sehemu ya onyesho aliruka akaingia kwenye ukumbi wenyewe na hakurudi kwa mlezi wake. Magazeti yaliandika, watayarishaji wakaamua bundi hai wasitumike tena. Watazamaji walipewa beji za kuwaomba watunze siri za mchezo, na wengi walizitunza. Wahakiki waliingojea Julai. Habari ilitembea, hukumu ikakaa, na hakuna msomaji aliyedhulumiwa.

Ninachowaomba wenye kumbi si kikubwa. Neno majaribio liandikwe kwenye tiketi na mahali pa kuinunulia, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la mwigizaji nyota. Bei ya usiku hizo ishuke kweli, isishuke kwa jina. Tarehe ya uzinduzi iliyotangazwa siku tiketi zilipoanza kuuzwa ichukuliwe kuwa sehemu ya mauzo, na ikisogezwa, aliyenunua aweze kurudishiwa fedha yake bila kubembeleza. Mtayarishaji anayefanya hivyo amenunua ukimya wa wahakiki kwa halali, na nitakuwa wa kwanza kumtetea gazeti likivunja.

Kwa wahariri: mpelekeni mwandishi wa habari tangu usiku wa kwanza, aulize kuhusu kamba, mishahara, nani ameondoka na kwa nini. Mhakiki mwacheni nyumbani. Tarehe ikisogezwa mara moja, mwacheni bado. Ikisogezwa ya pili huku viti vikiuzwa kwa bei kamili, mnunulieni tiketi kama mtu mwingine, aandike, na juu kabisa ya tahakiki itajwe tarehe ya onyesho aliloliona na kwamba mchezo ungali unabadilishwa. Kisha muwekee kando fedha ya tiketi ya pili.

Spider-Man ulizinduliwa hatimaye tarehe 14 Juni 2011, baada ya maonyesho ya majaribio zaidi ya 180, mengi kuliko mchezo wowote katika historia ya Broadway. Brantley alirudi. Aliketi tena, akauona wote tena, akaandika tahakiki ya pili: ule mkorogo wa Februari usioeleweka ulikuwa umeondolewa, na kilichobaki sasa kilikuwa kinachosha tu. Hakuubadilisha moyo wake kuupenda. Lakini aliyetaka kujua kama aende Julai alikuwa na maelezo ya mchezo wa Juni, na ya Februari yalibaki pale na tarehe yake.